Enzi Kaskazini Ilipokuwa Kusini

Mvua kubwa ikishanyesha Waithaka, maji huteremka kwenye mitaro ya Barabara ya Naivasha yakiwa mekundu ndu. Yakikauka huacha mistari ya mchanga mweusi mzito juu ya tope. Chukua sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu, ipitishe juu ya mchanga huo, utaona chembe zikiruka na kuning'inia kwa vishada. Watoto wa Dagoretti huujua mchezo huu mapema sana. Chembe zile ni magnetiti, madini ya chuma na oksijeni, yaliyobaki baada ya mwamba wa volkeno kuoza na kugeuka udongo. Wahunzi wa Kikuyu walizifahamu vizuri zaidi ya watoto: William na Katherine Routledge, katika kitabu chao cha mwaka 1910, walieleza jinsi mchanga wa namna hii ulivyooshwa mitoni, ukakusanywa kidogo kidogo, kisha ukayeyushwa kwa mkaa na mivukuto hadi ukatoa chuma cha panga na mkuki.

Ila kabla haijawa mchanga, magnetiti hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya mwamba, na humo ilikuwa na kazi nyingine. Upande wote huu wa magharibi mwa Nairobi umekaa juu ya mawe yaliyotoka ardhini yakiwa moto: trakiti chini ya udongo wetu mwekundu, majivu ya volkeno yaliyoshikamana ambayo mafundi wa mjengo huyachonga matofali ya mawe, na ukielekea uwanda wa Athi, fonoliti kuukuu zaidi. Kila tabaka la zaha lilipopoa, chuma kilichokuwamo kiliandika kaskazini ilikuwa wapi siku hiyo. Historia ya jinsi binadamu walivyojifunza kusoma maandishi hayo imepita Tanzania na Kenya kwa namna ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni, nami naona ni haki yetu kuijua.

Tuanze na chuma chenyewe. Katika atomi ya chuma kuna elektroni ambazo kila moja ni sumaku ndogo mno. Wanafizikia huuita usumaku huo wa elektroni spini. Zaha inapotoka ardhini joto lake hukaribia au hupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na kwa joto hilo spini hazitulii hata kidogo: huyumba, hupinduka, kila moja na njia yake. Magnetiti inaposhuka chini ya nyuzi 580, spini jirani huanza kushikana na kuelekea pamoja. Hata hivyo kushikana peke yake hakutoshi. Punje nzima ya magnetiti bado inaweza kugeuza usumaku wake wote kwa mpigo mmoja, leo kaskazini, sekunde ijayo kusini, kwa sababu joto lingali linaitikisa.

Kinachoizuia ni anisotropia ya sumaku, yaani upendeleo wa upande. Umbo la punje na mpangilio wa atomi zake hufanya mielekeo fulani iwe rahisi na mingine iwe ya gharama. Punje ndefu hupenda usumaku ulale sambamba na urefu wake. Ili ugeuke kuelekea upande wa pili, usumaku huo lazima upite katika mwelekeo usioupenda, kama mpanda baiskeli anayelazimika kumaliza mlima ndipo ateremkie bonde la pili. Joto ndilo linalompa nguvu za kupanda. Mwaka 1949 Mfaransa Louis Néel aliandika hesabu ya mashindano haya kati ya mtikisiko wa joto na upendeleo wa upande, na jibu lake hunishangaza kila ninapolirudia. Chukua punje ambayo, katika joto la kawaida, hushikilia mwelekeo wake kwa muda wa kama dakika moja. Ongeza upana wake kwa theluthi moja tu, bila kubadilisha kingine chochote. Kwa hesabu ya Néel, punje hiyo sasa itashikilia mwelekeo wake kwa zaidi ya miaka bilioni moja. Ndiyo maana mwamba unaweza kutunza habari ya uga wa sumaku wa Dunia kwa muda mrefu kuliko umri wa mnyama yeyote aliyewahi kutembea juu yake. Néel alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1970.

Habari iliyotunzwa ilikuwa ya ajabu tangu mwanzo. Mwaka 1906 Bernard Brunhes, aliyekuwa akifanya kazi katika milima ya volkeno ya kati ya Ufaransa, alipima udongo uliochomwa na zaha iliyopita juu yake akakuta usumaku wake umeelekea kinyume na dira ya leo. Na zaha yenyewe vilevile. Mwaka 1929 Motonori Matuyama wa Japani alichapisha vipimo vya mawe mengi ya volkeno vilivyoonyesha kwamba huu haukuwa mkasa wa sehemu moja. Mawe machanga yalielekea kaskazini ya leo, na mengi ya yale ya zamani kidogo yakaelekea kusini. Alipendekeza kwamba uga wa Dunia nzima uliwahi kupinduka.

Wengi hawakukubali, nao hawakuwa wajinga. Néel mwenyewe alionyesha kwa nadharia kwamba madini fulani yanaweza kujipindua yenyewe yanapopoa, bila Dunia kufanya lolote, na haukupita muda mrefu Wajapani wakapata mwamba wa Mlima Haruna unaofanya hivyo hasa. Basi jiwe lililopinduka lilishuhudia nini: Dunia iliyobadilika, au ukaidi wa madini yake? Njia ya kuamua ilikuwa moja. Kama ni Dunia iliyogeuka, mawe ya umri mmoja yangepaswa kuelekea upande mmoja kila mahali, Hawaii, Iceland, California na Afrika. Kilichohitajika ni mawe ambayo umri wake unajulikana kwa hakika, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mawe yaliyokuwa yakizungumzwa kuliko yote kwa sababu ya umri wake yalikuwa Tanganyika.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona kipande cha fuvu kikichungulia kwenye mteremko wa Bonde la Olduvai. Fuvu hilo, lililoitwa Zinjanthropus, lililazimisha swali la miaka. Mwaka 1961 Louis Leakey, pamoja na Jack Evernden na Garnis Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitangaza umri wa karibu miaka milioni 1.75 uliopatikana kwa kupima potasiamu na argoni kwenye majivu ya volkeno. Wengi walikuwa wakikisia chini sana ya hapo. Kelele zote zilielekea kwenye fuvu. Lakini chini ya tabaka lile, kwenye sakafu ya bonde, kulikuwa na basalti nyeusi, zaha iliyotiririka kabla binadamu wale wa kale hawajafika kuchonga mawe yao kando ya ziwa.

Sherman Grommé na Richard Hay, wote wa Berkeley, waliipima basalti hiyo. Mwaka 1963 walichapisha matokeo katika jarida la Nature: usumaku wake ulikuwa wa kawaida, ukielekea kaskazini kama dira ya leo. Matokeo hayo yalikaa vibaya. Mawe mengine ya dunia yenye umri wa kukaribiana na huo yalionyesha uga uliopinduka, na ratiba zilizokuwa zikichorwa wakati ule zilidhania zama ndefu ndefu, kila moja na mwelekeo wake. Ingekuwa rahisi kusema basalti ya Olduvai imekosea. Mwaka uliofuata, Allan Cox, Richard Doell na Brent Dalrymple, waliokuwa wakipima zaha na umri wake kwa bidii kuliko kundi lolote, walichagua kuiamini. Walichapisha katika jarida la Science ratiba yenye zama tatu, Brunhes, Matuyama na Gauss, na ndani ya zama iliyopinduka ya Matuyama wakaweka kipindi kifupi ambapo kaskazini ilirudi kuwa kaskazini. Kipindi hicho wakakiita Olduvai.

Tukio la Olduvai lilikuwa mojawapo ya ushahidi wa kwanza kwamba uga wa Dunia haufuati mwendo mmoja mrefu. Hupinduka, hurudi, hupinduka tena, wakati mwingine kwa haraka. Na mara ratiba ilipokuwa na vipindi vifupi, ikawa na sura ya kipekee inayoweza kutambulika popote. Mwaka 1966 Neil Opdyke na wenzake waliisoma kwenye matope yaliyochimbwa chini ya bahari karibu na Antaktika. Mistari ya usumaku iliyo pande zote mbili za migongo ya milima ya baharini ikalingana nayo, na hapo hoja ya kwamba mabara husogea ikapata saa ya kuipimia. Jina la bonde la Wamaasai likawa kipimo cha wakati kwa wanajiolojia wa dunia nzima.

Nairobi nayo haikukaa ikitazama. Katika miaka ya 1960 na 1970 kulikuwa na kundi la wanafizikia hapa waliofanya kazi hii kwa miguu yao wenyewe. Andrew Brock alikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. J. P. Patel na P. Gacii walichapisha mwaka 1972 vipimo vya fonoliti ya Kapiti, zaha ile ya zamani inayoonekana ukitoka jijini kuelekea Machakos. T. A. Reilly, P. K. S. Raja, A. E. Mussett na Brock walikusanya mawe ya volkeno ya Kenya na Tanzania wakatoa ripoti kubwa mwaka 1976. Majina haya hayajulikani mitaani, na hilo linanisikitisha. Tumewaimba wanariadha wetu hadi vijijini, nao wamestahili, lakini waliosoma mawe tunayojengea nyumba wamebaki kwenye rafu za maktaba.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jua na vumbi. Unachimba mwamba kwa keekee ya mota yenye ncha ya almasi, ukimwaga maji ili isiungue, na unatoa kijiti cha jiwe cha unene wa sentimita 2.5 hivi. Kabla hujakivunja kitoke, lazima uandike kimeelekea wapi. Dira ya kawaida haitegemeki hapo, kwa kuwa mwamba unaoupima una chuma na huivuta sindano. Kwa hiyo unatumia dira ya jua: kijiti kidogo hutupa kivuli juu ya duara lenye vipimo, nawe unaandika saa na dakika, kisha baadaye unakokotoa kaskazini ya kweli. Kenya ina taabu mbili za ziada. Ya kwanza ni radi. Ikipiga kilele cha mwamba, mkondo wake wa umeme hufuta maandishi ya zamani na kuandika ya kwake, makali na ya ovyo. Maabara hulazimika kulisafisha jiwe kwa uga unaobadilika badilika hadi safu ya radi iondoke na ya asili ibaki. Ya pili ni mahali tulipo. Ulaya sindano ya sumaku iliyoachwa huru huinama sana kuelekea ardhini, na jiwe lililopinduka hujulikana upesi kwa kuinamia upande wa pili. Huku, karibu na ikweta ya sumaku inayopita Ethiopia, uga hulala karibu sambamba na ardhi. Jambo la kuangalia ni kama jiwe limeelekea kaskazini au kusini, na kosa dogo la kuandika mwelekeo linaharibu kila kitu.

Kisha ukaja ugomvi wa Turkana. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, mmoja wa watafutaji visukuku wa Kenya waliofanya kazi na Richard Leakey, aliona vipande vya mfupa huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Meave Leakey na wenzake wakaviunga, zaidi ya vipande 150, likatoka fuvu linalojulikana kwa namba 1470, lenye ubongo mkubwa wa kushangaza. Fuvu lilitoka chini ya tabaka la majivu liitwalo KBS, na Frank Fitch na Jack Miller wa Uingereza walikuwa wamekwisha kulipa tabaka hilo umri wa miaka milioni 2.6. Kama ni kweli, ukoo wa binadamu ulikuwa wa kale sana kuliko ilivyodhaniwa.

Mwaka 1974 Brock na Glynn Isaac walichapisha usomaji wa usumaku wa matabaka ya Koobi Fora, na ulionekana kukubaliana na umri huo mkubwa. Nasisitiza neno ulionekana, kwa maana hapa ndipo uwezo na udhaifu wa njia hii unapokaa pamoja. Jiwe linasema neno moja kati ya mawili: kaskazini au kusini. Halisemi mwaka. Ukiwa na mfuatano wa kaskazini, kusini, kaskazini, unaweza kuupachika kwenye ratiba ya dunia mahali zaidi ya pamoja, hasa penye mapengo ambapo mmomonyoko umebeba kurasa kadhaa. Ukipewa miaka milioni 2.6 kama nanga, utaupachika hapo. Ukipewa nanga nyingine, utausogeza. Brock na Isaac walifanya kile ambacho mtu makini angefanya kwa ushahidi uliokuwapo.

Nanga ndiyo iliyokuwa mbovu. Nguruwe waliofukuliwa chini ya KBS, alisema mtaalamu wa visukuku Basil Cooke, walifanana na nguruwe wa mahali pengine wa miaka milioni 2 hivi. Mwaka 1975 kundi la Curtis lilipata umri wa milioni 1.60 na 1.82 kwenye majivu yaleyale. Mwaka 1977 J. W. Hillhouse, J. W. M. Ndombi, Allan Cox na Brock walichapisha sampuli zaidi za usumaku kutoka Koobi Fora wakati mabishano yangali moto. Tazama majina hayo tena: Cox, aliyekiingiza kipindi cha Olduvai kwenye ratiba ya dunia, na Ndombi, wakifanya kazi kwenye matope ya ziwa moja la Kenya. Mwaka 1980 Ian McDougall wa Canberra alimaliza ubishi kwa umri wa milioni 1.89, na vipimo vya baadaye vimekaa hapo hapo karibu. Kwa umri huo usumaku wa kawaida wa KBS unaingia bila kulazimishwa ndani ya kipindi kimoja tu: Olduvai. Jibu la Kenya lilikuwa limeshapewa jina Tanzania miaka 16 kabla.

Huku mambo hayo yakiendelea, vifaa vilibadilika. Usumaku wa tope la ziwa ni hafifu mno, na vipimasumaku vya zamani vilihangaika nao. Tangu miaka ya 1970 maabara zilianza kutumia vipimo vilivyojengwa kwa supakondakta, metali kama naiobi ambayo, ikipozwa kwa heliamu iliyo kimiminika hadi karibu na sifuri halisi, hupitisha umeme bila upinzani wowote. Pete ndogo ya metali hiyo huhisi uga dhaifu ambao hakuna sindano ingeuona.

Na hapa chuma kinarudi kwa mlango ambao hakuna aliyeutarajia. Kwa miongo mingi chuma kilihesabiwa adui wa supakondakta, kwa kuwa spini zake huvunja jozi za elektroni zinazobeba umeme huo usio na upinzani. Mwaka 2008 kundi la Hideo Hosono mjini Tokyo lilitangaza mchanganyiko wa chuma na aseniki unaogeuka supakondakta kwenye kelvini 26. Miezi michache baadaye Wachina wa Beijing walifika 55. Miale ya nyutroni ilionyesha kilichomo ndani. Katika hali yake ya mwanzo mchanganyiko wa namna hii hupangwa kisumaku, spini zikijipanga kwa mistari, kila mstari na upande wake. Ukiuchafua kidogo kwa kemia, mpangilio huvunjika, ila spini hazinyamazi. Huendelea kuyumba kwa mdundo, na wanafizikia wengi wanaona ni kuyumba huko kunakozifunga elektroni jozi jozi. Mitikisiko hiyo hata haiendi sawa pande zote. Ina upendeleo wake wa upande, ile ile anisotropia, na vipimo vya nyutroni zenye spini zilizopangwa vimeufuatilia upendeleo huo katika sampuli nyingi.

Ni mashindano yale yale ya Néel, sasa na mshindi mwingine. Kwenye zaha ya Olduvai na trakiti iliyo chini ya Waithaka, upendeleo wa upande uliushinda mtikisiko, na kwa hiyo tuna kumbukumbu. Kwenye madini ya Hosono spini hazikuruhusiwa kulala, na katika kukesha kwao umeme ukapata njia. Nimesoma mengi kuhusu chuma, na sijui jambo lingine linaloonyesha vizuri zaidi jinsi kitu kimoja kinavyoweza kubeba tabia mbili.

Mwaka 2013 wachimbaji walitoboa matope makavu magharibi mwa Ziwa Turkana, si mbali na Nariokotome ambako Kamoya Kimeu alipata mwaka 1984 kisukuku cha kijana anayejulikana dunia nzima. Walitoa nguzo ya tope ya zaidi ya mita 200, wakaikata vipande na kuipima usumaku hatua kwa hatua. Mwaka 2017 Mark Sier na wenzake walichapisha walichokikuta humo: sehemu ambapo kaskazini inakoma na kusini inaanza tena, miaka milioni 1.77 iliyopita, mwisho wa juu wa Olduvai.